Bilyana Alisema Ne

Haya aliniambia Zdravka mwenyewe, mtoto wa jirani yangu, Septemba iliyopita, siku aliyokuja kunisaidia kutunga pilipili hoho kwenye nyuzi ili tuzianike. Bintiye, Bilyana, alikuwa amekaa kati yetu, anatuchagulia zile nyekundu.

Zdravka aliachana na mumewe, Ognyan, na mahakama ikampa yeye mtoto. Kijijini kwetu kazi hakuna, tumbaku hailipi, kwa hiyo akavuka mpaka akaingia Ugiriki, akapata kazi ya kuosha vyombo hotelini, kwenye mji mmoja wa bandari unaotazamana na Italia. Bilyana alikuwa na miaka mitano. Akamchukua.

Walipanga chumba nyuma ya nyumba ya mjane wa Kigiriki, Bi Fotini, na Zdravka akiwa kazini mtoto alishinda kwa bibi huyo. Bi Fotini akataka kumfundisha lugha. Zdravka, ambaye mwenyewe Kigiriki alikiokota jikoni, hakukubali.

"Mwache, bibi. Akijua chenu atasahau chetu, na sisi hapa hatukai."

"Maneno mawili matatu tu, binti yangu. Aweze kuomba maji."

"Maji ataniomba mimi."

"Na usipokuwepo?"

"Akuoneshe kikombe."

Bi Fotini akacheka, akasema vichwa vya Wabulgaria vimechongwa kwa jiwe, na habari ikaishia hapo.

Mtu aliyekaa pande zote mbili za mpaka anajua kuna neno moja dogo la kuchunga. Kwetu *ne* ni hapana. Kwao *ne* ni ndiyo, na hapana yao ni *ohi*. Sisi watu wazima tunalifanyia mzaha. Mwanamume wa kwetu akiulizwa sokoni kule kama aongezewe kilo, anasema ne, ne, na muuzaji anazidi kupima. Zdravka mwenyewe, wiki yake ya kwanza, alimwambia mpishi ne akapewa zamu ya pili.

Jumapili moja Bi Fotini alikwenda uani kuanua nguo. Aliporudi na kapu, lango lilikuwa wazi na mtoto hayupo. Alikimbia mpaka hotelini na kandambili zake. Zdravka alijua ni nani kabla hajamaliza kuambiwa, maana Ognyan alishamtisha kwenye simu: utamtafuta mpaka soli ziishe. Akatimkia bandarini na aproni yake imelowa.

Meli ya Italia ilikuwa imeshang'oa nanga. Askari wa langoni alimsikiliza kwa upole.

"Msichana mdogo, koti la manjano? Nimewaona. Alikuwa analia, ndiyo maana nikawasimamisha."

"Ukawaachia?"

"Nilimuuliza, mama. Nilichuchumaa kabisa. Nikamwonesha mwanamume, nikamwonesha meli, nikamuuliza, unakwenda naye? Akasema ne. Nikarudia. Akasema ne, ne, ne. Nikampa na peremende."

Zdravka akakaa sakafuni. Askari akadhani hakusikia, akarudia taratibu: alikubali, mama, alikubali mara nyingi. Alipoelezwa kwamba kwetu ne ni hapana, alivua kofia akasimama ukutani, hakujua mikono aiweke wapi. Wenzake wakaandika maelezo, wakaahidi kuwaarifu wa Italia. Zdravka hakungoja. Meli iliyofuata alikuwamo.

Alijua pa kuanzia. Huko kusini mwa Italia watu wa kwetu wako kwenye nyanya, wanalala kambini, mabanda ya mbao na nailoni kando ya mashamba. Akawa anahama kambi hadi kambi, anachuma nao ili apate kuuliza. Wengine walimficha Ognyan, maana ni ndugu yao. Wengine walimcheka: "Huyo kaja kutafuta mume, mtoto ni kisingizio." Hakuwajibu. Nyanya zikaisha, ikaingia mizeituni, ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa anafua naye bombani akamwambia, bila kumtazama, kwamba mtoto yuko kwa Yordanka, shangazi yake Ognyan, kambi ya jirani na kinu cha mafuta.

Alimkuta Yordanka mlangoni anachambua maharagwe.

"Umefuata nini?" akamuuliza. "Mtoto ulimtupa kwa Mgiriki, baba yake kamwokota. Na mwenyewe alitaka. Askari alimuuliza."

"Kweli, shangazi, aliulizwa. Muulize Ognyan mtoto alijibuje."

Ognyan akatoka. "Alikubali. Askari mzima kasikia."

"Nataka neno lenyewe."

Ognyan akamgeukia shangazi yake.

"Mtoto alisema nini?" shangazi akauliza.

"Si aliulizwa kwa Kigiriki, sasa..."

"Nimekuuliza alisema nini."

"Alisema ne."

Yordanka akaweka sufuria chini. Amelea watoto sita; ne ya mtoto anayelia anaijua.

"Akasema ne, ukampandisha?"

"Shangazi, askari ndiye aliye..."

"Askari Mgiriki. Wewe umezaliwa wapi?"

Akaingia ndani, akamvisha mtoto koti, akamkabidhi Zdravka mkononi. Ognyan alikuwa amesimama njiani. Akaambiwa apishe, akapisha. Bilyana hakulia, wala hakumrukia mama yake. Alishika mkono aliopewa, akafuata.

Siku hiyo ya pilipili nilikuwa nimeoka pai ya jibini. Nikamkatia mtoto kipande, nikamuuliza kama anataka kingine.

"Ndiyo, bibi."

Na kingine?

"Ndiyo, bibi."

Zdravka akaiondoa sahani. "Ameshiba, Bibi Nevena. Ameshiba tangu kile cha kwanza."

Ndivyo alivyo sasa. Wenzake wakimwambia atoe mdoli wake, anatoa. Mwalimu anamsifu, anasema hajaona mtoto mtiifu kama huyu, na Zdravka akisikia hivyo anatazama pembeni. Mtoto alipokwenda kunawa, Zdravka aliniambia kwa sauti ya chini:

"Alikuwa anajua kukataa. Akiwa na miaka mitatu alinichosha, kila kitu ne. Siku ile alikataa kwa nguvu zake zote, bibi, na mtu mzima akamtabasamia, akampa peremende. Akatae tena kwa nini?"

"Si wewe uliyemwiba, binti."

"Bi Fotini aliniomba. Ohi, basi, lingetosha. Mimi nikamwambia habari za kikombe."

Nikafunga uzi, nikaanza mwingine.

Jua lilipopanda, Zdravka alitandika blanketi kivulini, barazani pale pale.

"Utalala kidogo, mwanangu?" akamuuliza bintiye.

Bilyana akamtazama usoni kwanza, kama anayetafuta jibu linalotakiwa.

"Unaweza kusema ne," Zdravka akamwambia. "Sema tu. Hakuna tunapokwenda."

Mtoto akafikiri. Akazitazama pilipili, akanitazama mimi.

"Ndiyo," akasema, akajilaza, na usingizi ukamchukua upesi. Zdravka akalala ubavuni pake, ameshika ncha ya gauni la mtoto kwa vidole vilivyoiva rangi ya pilipili. Akawa anamwangalia anavyopumua, muda mrefu, mpaka na yeye macho yakafumba.