Namba ya Kiatu cha Meya Mdogo

Katika jumba la manispaa zilitundikwa picha za mameya wote waliowahi kuuongoza mji, mikufu shingoni na vitambi mbele, na hakuna mtumishi aliyewatazama mara mbili. Picha iliyosalimiwa ilikuwa ile ya kwenye kona ya ngazi, ya mtoto wa miaka mitano aliyekaa kwenye kitanda cha hospitali, vazi la wagonjwa limempwaya, mikono kaikunja kifuani kama mkubwa anayesubiri ripoti iliyochelewa. Watumishi walimwita Meya Mdogo. Chini yake waliandika haba na haba hujaza kibaba, maneno ambayo hayakosekani popote watu wanapotakiwa kutoa, na maelezo kwamba mtumishi akikubali kukatwa kidogo kwenye mshahara wake kila mwezi, wodi ya watoto wenye maradhi ya moyo itapata dawa.

Na walikubali. Mtumishi wa mji ni mtu wa kunung'unika. Ananung'unikia bima, kodi, chama cha wafanyakazi, hata feni ya ofisini. Makato ya Meya Mdogo hakuyanung'unikia. Mwaka mmoja ofisa ustawi, ambaye ndiye aliyesimamia mchango huo, aliiondoa picha akaweka ya mashine mpya ya wodi. Watu wakamuuliza kama mashine nayo ina mama. Hata wiki haikuisha akamrudisha mtoto.

Mtoto alikuwa na mama kweli, na mama huyo alipita chini ya picha kila asubuhi na ndoo yake. Jumba zima lilimwita Mama Maji, kwa vile alivyozoea kuwatahadharisha wapitao: "Maji hapo, jamani, maji." Hakuna aliyejua zaidi ya hilo. Wala hakuna aliyejua kwamba mtoto alikuwa amekufa.

Alikufa wiki chache baada ya kupigwa picha. Siku ile aliamka na nguvu, akadai chai, akamwambia daktari, "Viatu vyako vinanuka." Nesi akaomba ruhusa ya kumpiga picha, mama akaitoa kwa furaha, na msiba ulipokuja akaisahau. Mwaka uliofuata akapata kazi ya usafi manispaa. Siku ya kwanza alipanda ngazi, akainua macho, akamwona mwanawe amemkunjia mikono. Ndoo ikamponyoka. Msimamizi akamkaripia kwa kulowesha ngazi nzima, naye akaomba radhi, akapiga deki kutoka juu hadi chini, huku amenuia kwamba jioni ile ndiyo mwisho wake pale.

Kilichomzuia ni keshia mzee wa idara ya maji, mtu wa mizaha, ambaye alikuwa hapiti pale bila kusimama wima na kupiga saluti. "Mheshimiwa, sijachelewa," alisema asubuhi ile, "ni saa yako inayokimbia." Kisha akamgeukia ofisa ustawi aliyekuwa akipanda, akamuuliza kijana wao anasoma la ngapi sasa. Ofisa ustawi, mtu mwema asiyependa kumvunja mtu moyo, na ambaye picha ililetwa kwake tayari imechapishwa, alijibu kwamba kwa umri wake bila shaka ameshaanza la kwanza.

Mama Maji alibaki ameshika fagio. Kwao kila mtu alijua amezika. Majirani walishamwambia amshukuru Mungu, asonge mbele, atapata mwingine. Mahali pamoja tu chini ya jua mwanawe alikuwa hai, tena anasoma, napo ni pale ngazini. Hakuacha kazi.

Basi akamlea humo humo, kwa maneno ya watu. Wakisema sasa yuko la pili, jioni alirudi kwake na la pili. Keshia alipodai kwamba watoto wa la nne ni wabishi, yeye njiani alitabasamu peke yake, akimwona mwanawe anavyombishia kuhusu kuoga. Akaamua kwamba hesabu zinampiga chenga, kama baba yake. Akaenda hata kwa karani wa mishahara kuomba naye akatwe. Karani akamtazama, akamwambia kwa upole kwamba mshahara wake wenyewe ni wa kuhurumiwa. Mama Maji akashikilia. Wazazi wote wa jumba lile walikatwa kitu kwa ajili ya watoto wao, karo au bima. Yeye alitaka akatwe kwa ajili ya wake. Sababu hiyo hakuitaja.

Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini pengine angeweza kuishi hivyo miaka, kama ofisa ustawi asingepata wazo zuri. Mkutano wa mwaka wa wachangiaji ulikuwa unakaribia, naye akataka Meya Mdogo aje mwenyewe awashukuru watu. Akauliza wodini jina la mzazi. Karani mgeni wa wodi akamsomea daftarini jina lililokuwa limeandikwa kwenye kitambulisho kifuani mwa Mama Maji.

Alishuka mbio hadi kwenye stoo ya chini ya ngazi, amejaa furaha, akamlaumu kwa kuwaficha jambo kubwa namna ile. Mama Maji alifungua kinywa kusema ukweli. Kilichotoka ni kwamba mtoto yuko shule ya bweni, mbali, na ni wakati wa mitihani. Uongo haukumpa taabu hata kidogo. Alikuwa ameuishi miaka.

Habari ikaenea jumba zima. Watu waliokuwa wanaruka ndoo yake bila salamu walisimama kumpa mkono. Keshia akamwita mama wa Meya na kumwomba cheo. Siku mbili tatu zile Mama Maji alitembea kichwa juu kama mzazi yeyote ambaye mwanawe kafaulu, na ukweli usemwe, alikuwa na furaha.

Njia ya mwongo ni fupi. Watumishi walichanga wamnunulie mtoto viatu vya shule, na ofisa ustawi akarudi stoo kuuliza.

"Anavaa namba ngapi, mama?"

Jina la shule alikuwa nalo tayari, na la mwalimu, na alama za kila somo. Lakini mguu hakuwahi kuufikiria. Alijaribu kuuona, mguu wa mtoto wa miaka kumi, mrefu, wenye vumbi la uwanjani. Haukuja. Ulikuja ule mwingine, mdogo, alioufunika mwenyewe kwa shuka.

"Ishirini na saba," alisema.

Ofisa ustawi akacheka. Alikuwa na watoto. "Hiyo si ya mtoto mdogo kabisa? Huyu ana miaka kumi."

"Ndiyo namba ninayoijua, baba."

Kicheko kikamwishia mdomoni. Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akauliza ni lini. Mama Maji akamwambia: kabla hamjaitundika picha. Mwanamume yule alijifuta macho kwa mkono wa shati. Alisema hawezi kusimama mbele ya watu akijua, na kuwaacha wamnunulie viatu marehemu. Mama Maji hakubishana. Alijua ana haki. Alimwomba tu asiiondoe picha.

"Huko kwetu nilimzika," alisema. "Hapa kwenu alikuwa anakua."

Mkutanoni ofisa ustawi aliwaambia watu, akajitwika lawama yote yeye. Walisimama kimya. Mama Maji alikuwa nyuma, karibu na mlango, na ule ukimya ulimuuma kuliko siku ya kaburi, kwa sababu baada ya kaburi alipata mahali pengine pa kumkuta hai.

Kesho yake alipiga deki ngazi kama kawaida. Watumishi walipita kwa sauti za chini, wakimpa pole, wakimshika bega, na hakuna aliyethubutu kuitazama picha. Alizipokea pole zote, na kila pole ilimzika mtoto upya.

Keshia akaja mwishoni. Akafika konani, miguu ikajisimamisha yenyewe, mkono ukapanda kama ulivyozoea, ukafika begani, akakumbuka. Akaanza kuushusha.

"Mpigie tu, mzee," alisema Mama Maji. "Keshazoea."

Keshia akasimama wima, akapiga saluti. Mzaha haukutoka. Mama Maji akangoja mpaka alipoushusha mkono, akamwambia apite polepole, hapo pana maji.