Première wa Kirungu

Mwalimu Séraphine alilisikia jina la rafiki yake redioni asubuhi moja, akiwa bado kati ya usingizi na kuamka, saa ile ukungu wa ziwa unapoingia mpaka vyumbani na mtu hajui kama kitanda chake kiko juu ya sakafu au juu ya maji. Redio ya jirani ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena, kisha mtangazaji akasema kwa Kifaransa safi: Première. Mengine yote yalimezwa na makelele. Séraphine akaketi kitandani, mikono kifuani, akasema peke yake, "Iko muzima."

Ngoja nieleze, maana asiye wa Kalemie atadhani mwanamke huyu ana wazimu, na wazimu hakuwa nao. Majuma yale, kwa mara ya kwanza tangu Kongo ipate uhuru, mwanamke aliteuliwa kuwa waziri mkuu. Kwa Kifaransa cheo chake ni Première Ministre, na watu wa Kalemie, ambao hawana subira na maneno marefu, walikwisha kukifupisha: Mama Première. Lakini Séraphine alikuwa na Première wake tangu zamani. Walisoma pamoja kwa masista huko Kirungu, juu milimani, ambako baridi ya asubuhi iliwafanya wasichana waandike wamevaa soksi mikononi. Kila mwisho wa muhula sista alisoma matokeo, na kila mara msichana yule yule alikuwa wa kwanza na Séraphine wa pili. Basi mmoja akaitwa Première, mwingine Deuxième, na majina ya ubatizo yakabaki kwenye madaftari ya masista. Namba ile ilimganda Séraphine mpaka ukubwani. Leo anafundisha mwaka wa pili wa shule ya msingi, na ameufundisha karibu miaka thelathini bila kupanda wala kushuka.

Mwaka 1998 vita vilipoufikia mji, Première alipanda mashua ya kwenda Kigoma. Wote wawili walikuwa wapande. Séraphine alifika mpaka majini, akakanyaga ubao, akaona jinsi mashua ilivyojaa watu, akarudi nyuma. Première alimcheka, hakumkasirikia hata kidogo. "Mi natangulia, Deuxième. Weye utafwata, njo kawaida yako." Mashua ikaenda. Wengine walisema ilifika, wengine walisema haikufika, na wote waliapa kwamba wana hakika.

Tangu siku hiyo Séraphine hakuwahi kusema kwamba rafiki yake amekufa. Alisema hajaandika barua. Alisema Première alikuwa mvivu wa barua tangu Kirungu. Wala hayo yasingemdhuru mtu, kama si Évariste.

Évariste ni fundi wa moteri za mitumbwi, mdogo wa mwisho wa Première. Dada yake alipoondoka, yeye alikuwa na miaka sita. Katika ukoo wao matanga ya aliyepotea hayafanywi mpaka yule aliyemwona mwisho aseme kwa kinywa chake kwamba ameenda. Aliyemwona mwisho ni Séraphine. Mama yao alikufa akiwa bado anangoja, akamwachia Évariste kazi hiyo moja: amlilie dada yake kama watu wanavyoliliwa. Basi kila mwaka Évariste alikuja, akaketi kwenye kiti kile kile kando ya mlango, akauliza kwa heshima, na kila mwaka Mwalimu akamwambia, "Bado."

Habari za redioni Séraphine alimwambia mtu mmoja tu, Mama Viviane wa nyumba ya pili. Kumwambia Mama Viviane ni kama kubandika tangazo mlangoni mwa kanisa. Kabla ya saa sita mchana barabara nzima ilijua kwamba Mama Première wa Kinshasa alikaa benchi moja na Mwalimu wetu. Hakuna aliyepinga. Picha ya waziri mkuu ilikuwa kwenye simu zote, ila hakukuwa tena na mtu mwingine aliyeikumbuka vizuri sura ya Première wa Kirungu. Picha zao ziliteketea na nyumba wakati wa vita, na hata Évariste, akifumba macho, aliona kitambaa cha kichwa tu na mkono uliompa muwa.

"Na jina je?" aliuliza Papa Omer, mwenye baa, anayependa kuharibu furaha za watu. "Wanataja jina lake kila siku. Munasema nini?"

"Jina," Séraphine akasema, "mutu anaolewa. Mutu anakimbia vita. Jina linabaki njiani."

Nasi tukaitikia kwa vichwa, maana ni wangapi hapa ambao majina yao hayakubaki njiani?

Arlette, binti wa Séraphine, alimletea simu. "Mama, picha hii hapa. Angalia, tumalize."

Séraphine akageuza uso. Alisema macho yake yamechoka, kapicha ni kadogo, na mtu hakutani na rafiki yake ndani ya simu kama anayetazama bei za samaki. Ukweli aliujua, nami nitausema: aliogopa. Siku zile zilikuwa tamu. Alitembea kwenda shule kama mtu anayetembea ndani ya maji ya magotini, taratibu, akitabasamu na vitu visivyoonekana. Kule ufukoni, ambako ziwa limepanda na kumeza safu ya kwanza ya nyumba, milango ya watu ilisimama majini bila kuta, na yeye aliiona mizuri. Mchana kweupe alimsikia Première akipiga mluzi nyuma ya darasa.

Hapo ndipo barua zilipoanza, watu wakimletea Mwalimu ampelekee rafiki yake waziri mkuu. Mama Viviane alitaka treni irudi kama zamani. Vijana wa bandarini walitaka kazi. Mtu mmoja alitembea kutoka Kabimba na vumbi la simenti kwenye nyusi, akiomba barabara. Waliohamishwa na maji waliomba kiwanja mahali ambapo ziwa halitafika. Wanawake wa soko la samaki waliandika moja tu, ndefu, wakaitia vidole kwa wino: wanataka asiogope wanaume wa kule. Papa Omer mwenyewe, aliyekuwa akisema kwamba sasa tutaongozwa kutoka jikoni, alikuja kwa mlango wa nyuma na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwalimu alizipokea zote, akazisahihisha kwa kalamu nyekundu, na zilizokuwa na makosa zaidi ya kumi akazirudisha ziandikwe upya.

Évariste hakuleta barua. Alikuja siku mbili kabla ya waziri mkuu kusimama mbele ya wabunge, hakuketi kwenye kiti chake, alisimama.

"Mama Séraphine, watu wanakucheka kwa mgongo."

"Waache wacheke."

"Mi sicheki. Dada yangu alikufa kwenye maji. Weye unajua, mi najua, mama yangu alijua. Unamufanya waziri, unamufanya nini, kusudi usiseme neno moja tu." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomuumiza Mwalimu. "Nimechoka kukuja hapa."

Séraphine akaweka kalamu nyekundu chini. Kisha akasema, "Juzi—" akajisahihisha kama anavyowasahihisha watoto wanaochanganya siku. "Kesho kutwa watamuonyesha kwa televisheni, mukubwa, uso wote. Nitaangalia. Kama njo yeye, utaniomba musamaha. Kama haiko yeye, nitasema lile neno mbele ya wazee wenu."

"Utasema?"

"Nitasema."

Siku yenyewe Papa Omer aliwasha jenereta tangu saa nane mchana na kutoa televisheni nje, akaitundikia shuka juu ili jua lisiipige. Watu walijaa mpaka barabarani, na wazee wa ukoo wa Évariste wakapewa benchi. Wanawake wa soko walikuja wameshona kitenge cha aina moja. Séraphine aliwekwa mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki kilichofunikwa kitambaa, na barua kwenye mfuko mapajani. Évariste aliingia mwisho. Alikuwa amevaa suti. Si yake, mikono ilimfika nusu ya kiganja, na viatu vilipakwa rangi mpaka vikang'aa. Séraphine alidhani amevaa hivyo kwa ajili ya wazee, kwa ajili ya neno lile. Akaketi kando yake bila kumtazama.

Kulikuwa na hotuba za wanaume, ndefu. Joto na mngurumo wa jenereta vilimwelemea Séraphine, akawa kama anayepaa kidogo juu ya kiti. Aliona ukumbi wa Kinshasa ukiwa na madawati ya Kirungu. Aliona sista akifungua daftari. Akamsikia mtu akisema jina la cheo, wanawake wa soko wakapiga vigelegele, na mwanamke akasimama, akaenda kwenye kipaza sauti, akainua uso.

Alikuwa mwanamke mwenye heshima, mtulivu, asiyeharakishwa na mtu. Alikuwa mwanamke ambaye Séraphine hajawahi kumwona maishani mwake.

Haikuchukua hata muda wa kukohoa. Kila kitu kilirudi mahali pake, kiti kikawa kiti, jua likawa jua. Akahisi maumivu makali chini ya mbavu, maumivu ya mwaka 1998 yaliyokuwa yakingoja zamu yao. Mgongoni alisikia barabara nzima imenyamaza, si kwa ajili ya hotuba, bali kumsikiliza yeye. Hata Mama Viviane alifumba mdomo.

Akamwinamia Évariste. Hakutaka wengine wasikie kwanza.

"Haiko yeye," akasema.

Évariste hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, makavu, yamefunguka mno.

"Angalia tena," akasema.

"Nimeangalia, Évariste."

"Angalia tena, Mama." Alikuwa ameshika ncha za mikono ya suti ile kwa vidole. "Watu wanabadilika. Miaka mingi. Mi simujui sura, weye njo unamujua. Angalia muzuri."

Ndipo Séraphine alipoelewa suti ile ilivaliwa kwa ajili ya nani. Kwa miaka yote alikuwa amedhani kwamba yeye peke yake ndiye anayemngoja Première, na kwamba kijana huyu huja kumnyang'anya. Kumbe alikuwa akija kila mwaka kuisikia ile "bado", aichukue, arudi nayo kazini.

Basi akaangalia tena. Aliangalia kwa uaminifu, kama anavyosoma mtihani wa mtoto anayetaka afaulu, paji la uso, pua, jinsi mama yule alivyogeuza karatasi. Wabunge walipiga makofi. Séraphine akaushika mkono wa Évariste ndani ya ule mkono mrefu wa suti.

"Ameenda," akasema, na safari hii alisema kwa sauti ya darasani, wote wakasikia. "Niliogopa kupanda. Alinicheka. Alikuwa na kitambaa cha bluu, alikuwa na kovu hapa, kidogo, kwa kidevu, sababu ya baridi ya Kirungu alianguka kwenye ngazi. Meno ya mbele yaliachana. Akiimba alipoteza sauti. Sura yake njo hiyo. Uishike."

Évariste akaitikia kwa kichwa polepole, midomo ikirudia bila sauti, kovu, kidevu, meno, huku machozi yakimdondokea kwenye suti ya mtu.