Choo cha Maboksi

Bibi yangu ana adabu kupita kiasi, na nusura adabu hiyo imzike. Nalisema hili kwa heshima zote, kama tulivyofunzwa bwenini.

Kila siku ya kliniki presha yake ilikuwa juu. Daktari akaongeza dawa, presha ikakutwa juu tena, akaongeza tena. Nyumbani Bibi akawa anatembea ameshika ukuta kwa kizunguzungu. Baba akatoa tamko: akianguka hata mara moja, nyumba yake inafungwa na anakuja kulala chumba kimoja na mimi. Bibi akanuna kwa siku kadhaa. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nisingekubali kulala na mimi.

Wakati huo kliniki ilikuwa ijengwe upya, na wakubwa waliamua safari hii ichorwe pamoja na wazee wanaoitumia. Dada mmoja mchora ramani akawaita kwenye ukumbi wa mtaa, akabandika utepe wa gundi sakafuni, hapa mapokezi, pale maabara, akasimamisha kuta za maboksi. Kisha akawauliza wazee wanaionaje.

"Nzuri sana, mwanangu," akasema Bibi.

"Haina kasoro," akasema Mzee Redio, aitwaye hivyo kwa sababu hazimiki.

Wazee wetu hawamkosoi mgeni aliyetoka jasho. Angewajengea kliniki juu ya mti wangeisifia ngazi.

Mchoraji akakunja uso. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu; si wengi wanaosifiwa wakakasirika.

"Basi leo hatuulizani," akasema. "Leo tunaugua. Kaeni foleni kama siku ya kliniki yenyewe."

Daktari wa kliniki, aliyekuja naye, akaingia kwenye boksi lake. Mapokezi nikapewa mimi niliyemsindikiza Bibi, na nikaitenda kazi ile kwa uadilifu.

"Wenye namba wasubiri," nikatangaza. "Wasio na namba wasubiri zaidi. Anayenyanyuka amepoteza nafasi."

"Mke mwenzangu, umezidi," Bibi akasema.

"Sina undugu na mgonjwa, mama. Kaa."

Mzee Redio akacheka hadi akakohoa. "Huyu ni yule yule wa mapokezi ya kliniki. Mmemwiba wapi?"

Mchoraji akapita na birika la chai. Kila mzee akapokea kikombe, akashukuru, akakiweka chini ya kiti. Muda ukaenda. Mchoraji akainama kuvitazama vikombe. Vyote vimejaa, vimepoa.

"Bibi, chai mbaya?"

"Nzuri sana, mwanangu."

"Mbona hujanywa?"

"Niko foleni."

"Si tunaigiza tu?"

"Foleni ni foleni," Bibi akasema, na wenzake wakatikisa vichwa kukubali.

Mchoraji akaketi sakafuni miguuni pake. Akavipanga vile vikombe vilivyojaa mbele yake, kimoja kimoja, mpaka Bibi akamwonea huruma.

"Choo kiko nyuma kule, mwanangu. Nikinyanyuka, nafasi imekwenda, umemsikia huyu askari. Kwa hiyo siku ya kliniki maji sinywi. Na kile kidonge cha presha kinachomkimbiza mtu chooni, sikimezi."

Daktari akatoka kwenye boksi. "Humezi siku ninayokupima?"

"Siku hiyo tu. Nyingine nameza vyote, hata ulivyoongeza."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Unanihangaikia vizuri hivyo, nianzeje kukuletea habari za choo?"

Daktari akavuta kiti, akakaa. "Basi kizunguzungu chako nimekupa mimi, kwa dawa nilizokuongezea bure."

"Mimi pia simezi," akasema Mzee Redio, kwa sauti ndogo ambayo hatukujua anayo. Mikono mingine ikainuka nyuma yake.

Bibi akanyanyuka. Bila kuomba ruhusa akaliburuta boksi la choo kutoka nyuma hadi kando ya viti.

"Mlango usitutazame," Mzee Redio akadakia. "Sitaki nihesabiwe safari."

"Na pa kushikia," akasema mzee mmoja mwenye mkongojo. "Hivi nani aliweka maabara mbali namna ile?"

Wakakosoa mpaka jioni. Mchoraji alibandua utepe na kuubandika upya, anatabasamu kama bibi harusi.

Juma lililofuata Bibi alimeza kidonge chake, akanywa maji, akaenda kupimwa, akawekewa nafasi yake kila aliponyanyuka kwenda chooni. Daktari akampunguzia dawa, na taratibu ukuta ukaachwa upumzike. Baba alipokwenda kumjulia hali, alimkuta ameshika simu, anamweleza Mchoraji kwamba sinki la kunawia kwenye ramani mpya liko juu mno, tena sana, na kwamba yeye hatalizoea.