Magogo Yaliyorudi Mtoni

Kila asubuhi Una Threlkeld alimimina chai mara mbili: kwenye kikombe cha kaure, chake, na kwenye kopo la bati, la Nessie, mtumishi wake tangu zamani, ambaye aliinywea nje kwenye ngazi. Asubuhi hiyo alikuwa ameshika kopo alipoona jua likiangaza juu ya meza, mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Gogo moja la ukuta wa jikoni halikuwepo.

"Limeenda mtoni," Nessie alisema kupitia uwazi. "Nililifungulia geti."

"Ukafunga tena?"

"Nilifunga, Bi Una. Kondoo wako wote ndani."

Una akampitishia kopo pale pale ukutani, maana palikuwa karibu kuliko mlangoni.

Baadaye mwanawe, Col, alikwenda na trekta. Alilikuta gogo limesimama wima kwenye kona ya mto, juu ya kisiki chake cha zamani. Upande wake ambao miaka yote ulitazama jikoni, umefunikwa kwa gunia na magazeti, ulikuwa umechongwa maumbo ya almasi, moja ndani ya jingine. Nessie alikuwa ameketi mbele yake, kofia mapajani.

"Lilishaanza kutoa mizizi," Col alisema aliporudi nalo. "Limenisumbua kuliko fahali."

Walilipachika, wakaziba nyufa kwa udongo. Una alihakikisha michoro imetazama ndani, akabandika gazeti juu yake. Kesho yake yakaondoka mawili.

"Yaache yaende, mama," Col alisema. "Nitakujengea nyumba ya matofali, yenye bafu ndani. Shangazi Nessie naye atapata chumba."

"Chumba changu kisiwe na gogo," Nessie alisema. "Nitaamka nikute ukuta umenikimbia."

Col alicheka. Una hakucheka. Aliletwa katika nyumba hiyo akiwa bibi arusi, na jeneza la mumewe lilitokea mlango huo huo. Alitaka iandikishwe kuwa urithi wa kihistoria, ili asije mtu akaibomoa yeye akiwa amekufa.

"Wewe unaonaje, Nessie?"

"Nyumba ni yako, Bi Una."

Bwana Pettifer wa kamati ya urithi alifika siku ya upepo. Aliingilia kwenye pengo la ukuta, akavua kofia, akasifu paa. Alisema kamati haiandikishi nyumba ambayo magogo yake hayatulii, akashauri yakazwe kwa boliti. Col aliyarudisha yote, akayatoboa, akapitisha vyuma virefu hadi kwenye nguzo.

Hayakuondoka tena. Jioni yalitoa utomvu kwenye matundu ya boliti, ukatiririka hadi sakafuni, na Nessie aliupangusa kwa kitambaa bila kuambiwa. Visiki vya mtoni vilibaki vimelowa hata siku za jua kali.

Kibao kilipachikwa mbele ya nyumba. Kilisema kwamba Angus Threlkeld, babu wa mume wa Una, wa kwanza kufika katika nchi hii, aliijenga kwa mikono yake mwenyewe.

"Wa kwanza," Nessie alisema, akikisoma na ndoo mkononi. "Alimkuta nani wa kumbebea magogo, basi?"

Asubuhi iliyofuata Una alimimina chai, akalipeleka kopo mlangoni kama zamani. Nessie alilipokea, akaliweka kwenye ngazi bila kunywa.

"Imepoa?"

"Ni moto. Kila mti uliokuwa pale kwenye kona una mtu wetu aliyezikwa chini yake, Una. Sisi wenyeji tuliichonga ili mpita njia ajue. Mmoja wao ni baba wa bibi yangu, na jina lake hatulitaji, maana kwetu marehemu hatajwi. Nililifungua lile geti kwa sababu nilitaka warudishiwe miti yao."

Nessie hakuwahi kumwita Una bila kutanguliza Bi. Una alishuka, akaketi kando yake kwenye ngazi, jambo ambalo naye hakuwahi kulifanya. Nyuma yao utomvu ulikuwa ukidondoka sakafuni.

"Najua," Una alisema. "Mwaka nilioolewa nilibandua magazeti nibandike mapya, nikaiona michoro. Mama mkwe aliniambia ni ya nini. Nikapaka gundi, nikabandika." Alitazama mikono yake. "Ningeweza kuyaacha magogo yaende, Nessie. Niliitaka nyumba. Hata sasa bado naitaka."