Maombi Yaliyovuka Ukuta

Fundi umeme alipokipandisha kipaza sauti juu ya paa la kanisa hakudai hata nauli. Alisema ni sadaka yake. Kilikuwa na mdomo mpana kama tarumbeta, naye alikielekeza mtaani, ambako mchungaji alisema kuna roho nyingi zilizolala. Kwa kubana matumizi ya waya alikiunganisha kwenye swichi moja na spika za ndani: ukiwasha hizi, na kile kimewaka. Waumini walimsifu mpaka akaona haya.

Mmoja wa waliolala, tena waliolala kweli, alikuwa muuguzi aliyepanga chumba nyuma ya ukuta wa kanisa. Usiku alikuwa wodini, mchana ndio usiku wake. Alikuja kuomba kipaza kigeuzwe, akajibiwa kuwa Injili haifichwi. Akaja tena, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu alimkuta Fundi getini, akaanza kusema kwamba safari hii si usingizi tu, kuna jambo jingine. Fundi hakumwacha amalize.

"Dada, mbinguni kunaimbwa mchana na usiku. Anza kuzoea."

Watu walicheka. Muuguzi aligeuka, akaenda zake. Tangu hapo kina mama wa maombi walimtia kwenye sala zao, wakiomba moyo wake mgumu ulainike, na Fundi aliitikia amina.

Nyumbani kwake mwenyewe, mbali kidogo ambako sauti ya kipaza haikufika, amina zilikuwa chache. Mimba ya pili ya mkewe ilikuwa imetoka, kama ya kwanza. Walikubaliana liwe jambo lao wawili, siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini baada ya majuma machache mke alifunga mdomo. Alipika, alipakua, alijibu alichoulizwa, basi. Fundi alidhani ni majonzi, akaona heri asiyaguse. Alifunga kula, akaamka alfajiri kumwomba Mungu kwa maneno mengi, kisha mezani akamwambia mkewe, "Nipitishie chumvi." Aliogopa kwamba ndoa inamponyoka, na hakujua ameilegeza wapi.

Ijumaa moja alasiri mwenye nyumba wa muuguzi alimpigia Fundi simu: soketi ya chumbani inatoa cheche. Fundi alitaka kumwelekeza kwa fundi mwingine, ila dhamiri ikamchoma. Akachukua begi lake.

Muuguzi alimkaribisha kwa macho mekundu. Dirisha lilizibwa kwa blanketi lililopigiliwa misumari, na kabati lilikuwa limesogezwa likagusana na ukuta wa upande wa kanisa. Fundi aliona, akajifanya haoni. Alizima umeme, akapiga magoti mbele ya soketi, naye muuguzi akammulikia kwa tochi.

Ndipo kina mama walipoanza maombi yao ya Ijumaa. Saa hizo Fundi huwa kazini, hakuwahi kuyasikia. Kanisani walijifungia mlango, na kwa kuwa sauti ya kiongozi wao ilikuwa imedhoofika, alishika maikrofoni. Ndani ilisikika kama mnong'ono wa wacha Mungu. Hapa chumbani, licha ya blanketi na kabati, ilisikika neno kwa neno. Alimwombea kijana fulani wa kwaya aliyerudia pombe. Akamwombea mjane anayegombana na mkwewe. Kisha akasema, "Na dada yetu, mke wa Fundi wetu, Bwana, mimba mbili umeziona zikitoka. Mfariji, maana mumewe hasemi naye."

Bisibisi ilibaki pale pale kwenye skrubu. Mwanga wa tochi haukutikisika.

"Tangu lini?" Fundi aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Miezi. Mtaa mzima, Fundi, siyo mimi tu." Muuguzi aliendelea taratibu. "Mara mbili za kwanza nilikuja kwa ajili ya usingizi wangu. Ya tatu nilikuja kwa ajili ya mkeo."

Fundi alizungusha bisibisi tena. Alimaliza soketi, akaijaribu, ikashika. Alipokunja waya wake alisema, "Nisamehe, dada." Muuguzi alisema amemsamehe siku nyingi, isipokuwa lile la kuzoea. Akatabasamu, akapiga miayo.

Fundi alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji, akamweleza alichosikia na mahali alipokisikia. Mchungaji alishika kichwa. Hata hivyo alisema jambo la paa ni la wazee wote, lisubiri kikao cha Jumapili. Fundi alikuwa mtu wa kutii, ila hapo alikataa.

"Mchungaji, niliyekipandisha ni mimi, na waya niliobana ni wangu. Kikao kitanikuta nimeshakishusha. Mnikemee, nitapokea."

Mchungaji akaenda kumshikia ngazi.

Fundi aliingia kwake na kipaza kile begani, akakiweka karibu na mlango. Mkewe alikuwa anachambua mchele. Alimweleza yote, hata mzaha wake wa getini, na hata ile swichi moja. Mke aliusukuma mchele pembeni.

"Mama muuza mboga alinipa pole ya mimba mbele ya wateja wake," alisema. "Mimi nilimwambia kiongozi wa kina mama wa maombi peke yake, na nikajua yeye husali mlango ukiwa umefungwa. Nikasema basi ni wewe. Umenitangaza kwa wenzako huko kazini."

"Ukaninyamazia."

"Nikakunyamazia. Nawe ukaniomba chumvi."

Fundi alivuta kigoda, akaketi karibu naye. Siku zote alimwomba Mungu aseme na mkewe kwa niaba yake. Safari hii aliuliza mwenyewe: siku ile ilikuwaje, uliumia wapi, mtoto ulimwitaje moyoni. Mke alijibu la kwanza, kisha la pili. La tatu alilia, na Fundi hakutafuta mstari wa Biblia wa kumtuliza. Alilia naye. Chakula kilichelewa.

Jumapili spika zilikuwa za ndani tu. Waliozoea kusikilizia ibada kivulini nje hawakusikia kitu, wakaingia mmoja mmoja wakatafuta viti. Nyuma ya ukuta blanketi lilikuwa limeondolewa dirishani, na pazia lilipepea. Fundi alipomaliza kuunga waya mpya wa spika alirudi kukaa, na mkewe akasogea kumpisha.