Kati ya Kuomba na Kudai

Mimi si mtu wa kuamini watu upesi, na mwaka ule wa 1974 sikumwamini mtu yeyote pale Bukavu, kuanzia muuza ndizi wa soko la Kadutu hadi padri aliyeniungamisha. Nilikuwa nafundisha Kiingereza katika shule moja ya wasichana iliyotazama ziwa. Mwezi wa pili mwalimu wa shule jirani alitania juu ya kofia ya Rais saa ya mapumziko. Kufika saa sita mchana hakuwepo tena. Nani alipeleka maneno? Hakuna aliyejua, ndiyo maana kila mmoja wetu alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Jicho langu lilikuwa kwa Floribert, msimamizi wa nidhamu. Tangu majina ya ubatizo yakatazwe tulipaswa kumwita Citoyen Bahizire, yaani Mwananchi Bahizire, na mdomoni nilimwita hivyo, kwa heshima zote. Kila nilipoanza somo alikuja kusimama nje ya dirisha langu, mikono mgongoni, midomo ikichezacheza. Hakwenda dirisha la hesabu. Hakwenda dirisha la jiografia. Siku moja nilimwona anaficha kamusi ya Kiingereza ndani ya abakosti yake, koti lile la serikali lisilovaliwa na tai. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Huyu anajua Kiingereza kuliko anavyoonyesha, na maneno yangu anayapeleka mahali.

Balaa ni kwamba nilikuwa nafundisha jambo lisilofundishika kwa woga: namna ya kuanza insha. Wasichana wangu wote thelathini na wawili walianza namna moja, "Tangu dunia iumbwe, mwanadamu..." Uwape mada ya ng'ombe, tangu dunia iumbwe. Uwape mada ya reli, tangu dunia iumbwe. Siku hiyo nikagonga meza.

"Muache dunia ipumuzike! Mwenye kusoma anataka kujua kitu. Sentensi ya kwanza imukamate mukono. Kitu chenye kinawauma, mukiandike mwanzo, hapana kungojea mwisho."

Noëlla, mcheshi wa darasa, akainuka na kusoma sentensi yake: mbuzi wetu alikula kadi ya chama ya tonton, mjomba wetu. Darasa likaangua kicheko, halafu likanyamaza ghafla kama redio iliyoishiwa betri, na vichwa vyote vikageukia dirishani. Floribert alikuwa palepale, anatabasamu. Nikamwambia Noëlla mbuzi ale shati. Nilikasirika mchana kutwa, maana sentensi ya shati haikuwa na chumvi.

Mwezi wa tano likaja shindano la insha kutoka Kinshasa. Mshindi angepelekwa chuo kikuu. Mada ilikuwa: ukikutana na Rais, utamwambia nini? Waliandika ndani ya ukumbi, mbele ya prefe, mkuu wetu wa shule, na karatasi akazikusanya yeye mwenyewe. Mwalimu hakuruhusiwa kusahihisha hata nukta.

Tumaini langu lilikuwa Nsimire, msichana wa kijiji cha Nyantende, mkimya, mwenye kusikiliza kwa macho. Baba yake alikwenda Kamituga kuchimba dhahabu, na wakati wa kurudi askari wakamshusha kutoka kwenye lori. Miaka miwili ilipita bila habari. Wajomba zake walikwisha kumtafutia mume. Walichongoja ni shule tu iishe, au impige teke.

Asubuhi baada ya shindano prefe akaniita ofisini. Karatasi zilikuwa mezani, na Floribert amekwisha kukaa.

"Citoyen professeur," prefe akasema, "hizi karatasi zinaenda Kinshasa na cachet yangu, muhuri ya shule, na miye Kingereza sina. Unisomee mwanzo ya kila moja kwa Kiswahili. Kama kuko mutoto anakosea Rais, Guide wetu, adabu, anarudi kwabo leo hii."

Nikaanza. Asante Guide kwa amani. Asante Guide kwa barabara. Noëlla naye alishukuru, bila mbuzi. Halafu nikashika karatasi ya Nsimire: "I demand the President my father."

Kosa lile nalijua kama mfuko wangu. Kwa Kifaransa demander ni kuomba. Hata chumvi kwa jirani unaiomba kwa neno hilo. Nsimire alichukua neno la Kifaransa akalivika nguo ya Kiingereza, kumbe kwa Waingereza demand ni kudai, tena kudai kwa kugonga meza. Mtoto aliandika: namwomba Rais baba yangu. Karatasi ilisema: namdai Rais baba yangu. Na ulikuwa mwanzo mzuri kuliko yote niliyowahi kupewa na mwanafunzi. Machozi yalinilenga.

Hapo Floribert akasogeza kiti. Akainama juu ya karatasi, midomo ikicheza, akaweka kidole chini ya neno lilelile.

"Hapa anasema nini?" prefe akauliza.

Anajua, nikafikiri. Ananipima. Nikisema anaomba, jioni atapeleka kwamba nimefunika. Na msichana mwenyewe, mkimya hivi, nani amemtia maneno ya moto ghafla? Huenda yeye na Floribert wametumana kunitega. Aliyemfundisha ni mimi, lakini woga hauna kumbukumbu.

"Anadai," nikasema. "Anamdai Rais baba yake."

Prefe akachukua kalamu na kuandika barua ya kumfukuza. Hakuuliza neno jingine.

Floribert akanifuata hadi veranda. "Professeur, ile neno iko na nguvu vile? Miye nilizania iko tu kama ya Kifaransa."

"Si unajua Kingereza?"

"Miye? Niko naanza. Nasimamaka ku dirisha yako juu ya kusikia haya kukuomba unifundishe, mutu muzima kama miye. Pale nilitia kidole, ni juu ya kutambua ile neno moja tu. Nilisema: huyu mutoto anaomba baba yake."

Nilirudi kwa prefe mbio, nikamwambia nimetafsiri vibaya, ni kuomba.

"Professeur wa Kingereza hajue Kingereza? Ao sasa unamufunika?"

Nikatoka, nikaiacha barua mezani kwake. Aibu ya mara ya kwanza nilikuwa na sababu ya kuitetea; hii ya pili sina hadi leo.

Nsimire alinisubiri kwenye lango, godoro kichwani, madaftari mkononi.

"Professeur, banasema niliandika mubaya. Kosa yangu iko wapi?"

Nikamweleza. Neno moja tu: alitaka kuomba, akaandika kudai. Nikamtajia neno la Kiingereza alilopaswa kutumia. Alilirudia taratibu mara mbili ili lisimpotee, ask, ask, kama vile kesho kuna somo.

"Na nyinyi, professeur," akauliza, "mulijua kama nilikuwa naomba?"

"Nilijua."

Akapiga goti kidogo, kama binti aliyelelewa vizuri anavyomuaga mkubwa, godoro likiyumba kichwani.

"Aksanti kwa kunisahihisha, professeur," akasema, akashika njia ya Nyantende.