Hutajwi Popote

Hutajwi, eti hutajwi, bibi, hutajwi popote, ndivyo alivyoniambia huyu Zuena asubuhi, amesimama hapo mlangoni na kanga kifuani na mswaki mdomoni, mjukuu wangu niliyemlea mwenyewe, mtoto wa binti yangu Hafidha, ananiambia mimi Mwanaidi sitajwi, mimi ambaye Kibiti hii ukimuuliza mtoto yeyote nyumba ya Bi Mwanaidi msuka mikeka iko wapi atakushika mkono akulete mpaka barazani, nikamwambia sitajwi na nani, akasema na mtandao, nikamwambia huo mtandao ulishakuja lini hapa kunijulia hali, akacheka, na neno lake hilo ndilo limenikaa shingoni mpaka saa hizi za alasiri, sasa yuko ndani anakunja nguo, nasikia zipu ya begi inavutwa inakwama, inavutwa inakwama, kesho anarudi Dar na safari hii haendi kuhangaikia mikeka, anaenda kuajiriwa, kuuza viatu kwenye duka la watu, mikeka yetu imekufa, bibi, alisema, imekufa labda useme wewe... Labda niseme mimi. Na huyu Doto naye hapa barazani anakunywa chai yangu na mdomo haufungi, mchuuzi wa kamba wakavu, anangoja jua lipungue ateremke bandarini Nyamisati, maji yakijaa apande boti aende zake Kiongoroni, huko Delta, anazungumza injini yake, injini imefanya hivi, fundi kasema vile, mke wangu, ananiambia, maana ananiita mke wangu huyu, umri wa wajukuu zangu, mke wangu, chai hii umetia sukari au umeionyesha tu, namwambia kunywa, mume asiyeleta sukari anywe anachokikuta, anacheka, anarudi kwenye injini, na mimi vidole vinaenda na ukili wa mkeka, vinaenda vyenyewe, vidole hivi havijui kama nimechoka.

Mwaka jana ndiyo Zuena alikuja na hilo jambo lake, bibi, huko nje mahoteli yanatafuta mikeka, watu wanakaa kwenye kompyuta wanaandika wanachotaka, tukiwemo humo watatuona, akatengeneza hiyo tovuti, akaiita Mikeka ya Kibiti, akapiga picha mikeka, na mimi akanipiga, ukili mkononi, nimenuna kama mtu anayengoja sindano, na akina mama mtaa mzima wakaingia, tukasuka, tukaacha kuwauzia wapita njia pale barabarani, tukangoja, hakuja mtu, mikeka ikajaa chumba cha Hafidha mpaka mlango haufunguki sawasawa, akina mama wakaanza kupita hapa wananisalimia bila kukaa, salamu ya mlangoni, nyie hamjui salamu ya mlangoni inavyouma. Ndipo Zuena akaanza na vile vifaa vyake vya bure. Anasema humo humo kwenye mtandao kuna vifaa vya kuwasaidia watu wanaoanza biashara nao hawana kitu, bure, bibi, nikamwambia bure? Toka waliposema ruksa, kila mtu auze na anunue, mimi bure sijaiona tena, dawa tulikuwa tunapewa sasa tunachangia, shule tunachangia, hata maji ya kisima wameyatia kufuli, leo iwe kompyuta ndiyo inagawa bure, akasema bure kabisa. Kimoja kikamwambia watu duniani wanatafuta kwa maneno gani, kikasema mkeka wa Kibiti hakuna anayeuliza, hata mmoja, wanauliza mkeka wa Zanzibar, basi akaja mbio, bibi tubadilishe, tuseme ya Zanzibar, nikamwambia huo mkeka uende Unguja mimi mwenyewe sijafika, ukiulizwa huko wewe wa nani ujibu nini, tukanuniana, akaacha. Halafu vijana wenzake wa mjini wakamfundisha, andika neno mkeka mara nyingi chini kule, kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, mtu haoni ila mashine inaona, naye akaandika, mkeka mkeka mkeka, mimi nikasema huyo ni mtu anayejipigia hodi mlangoni kwake mwenyewe, hodi, karibu, hodi, karibu, na kweli mashine ikamgundua, ikamtupa nyuma kabisa huko, nyuma ambako hata mtu anayelala chini hana mkeka hafiki kuutafuta.

...na ile pangaboi ya injini, anasema Doto, ile pangaboi ilikula mzizi wa mkoko, namwambia ehee, sijasikia.

Sasa hiki kifaa cha mwisho, ndicho hiki kilichosema sitajwi. Kazi yake kuhesabu nani anakutaja. Wenye kurasa zao zinazojulikana wakikutaja kwao, na wewe unapanda, unaonekana, wasipokutaja unakaa huko huko nyuma na uzuri wako, na hilo Zuena hakunieleza mara mbili, nimeishi kwenye ukoo, najua kutajwa ni nini. Basi akatafuta nani wa huku kwetu anajulikana humo, akampata mmoja ana nyumba ya wageni kule Mafia, wageni wanatoka Ulaya kuja kwake kuogelea na samaki, Zuena akampigia simu, kaka, samahani kaka, tuna mikeka yetu, tunaomba ututaje kwenye tovuti yako... Kaka! Yule akamuuliza wewe wa nani, akasema wa Hafidha, wa Bi Mwanaidi wa Kibiti, yule akamkatiza, akamwambia mimi si kaka yako, mimi mjomba wako, naitwa Abbasi, mama yangu na bibi yako ni tumbo moja, kukutaja nitakutaja hata leo, lakini sikutaji kabla mama yangu hajasema, na mama hatasema mpaka bibi yako aseme, kamuulize bibi yako. Ndiyo akaja kuniuliza. Na mswaki mdomoni. Bibi, Mwanabaraka ni nani?

Jina hilo, humu ndani, toka Hafidha ni mwali halijasemwa, leo linatoka kwa mtoto na povu la dawa ya meno. Nikamwambia kateme mate kwanza. Nikamwambia ni mdogo wangu. Akasema mdogo wako wa kuzaliwa? Nikasema kwani kuna mwingine. Akaniangalia kama mtu aliyefungua chumba cha nyumba aliyokulia akakuta kuna dirisha, kisha ndiyo akasema hutajwi, bibi, na wewe humtaji mtu, mnakufa wote, akaingia ndani. Hana adabu. Ana haki lakini hana adabu. Hajui yule mtoto, hakuwepo. Mama alikuwa Kiongoroni kwa Mwanabaraka, habari ikaja mama kazidiwa, sikungoja hata kubadili nguo, nikafika Nyamisati maji yamekupwa, boti zote zimelalia ubavu kwenye tope, nikakaa pale juu ya gogo na mkeka wangu kwapani, ule wa ukindu mwembamba usiotiwa rangi, niliusuka kwa ajili ya mama, wa kumzikia siku atakayouhitaji, kila mama akinitumia salamu alikuwa anauulizia, umefika wapi mkeka wangu, nikakaa nikijiambia watanisubiri, mimi mkubwa, hakuna wa kumfunika mama kabla yangu, maji yakajaa taratibu kama yanayofanya makusudi, naenda, nafika, wanaume wanarudi na majembe, wananawa mikono. Wameshazika. Mwanabaraka akanijia mikono mbele, dada, joto, dada, shehe kasema maiti asilale, na mimi mikono yangu ina mkeka, nikasema mbele ya watu wote, umemzika mama kama kuku wako, basi kaa naye, na jina lako lisitajwe nyumbani kwangu. Wanawake wakainamisha vichwa. Na neno likakaa. Hafidha ameolewa hawakuja, mumewe Mwanabaraka kafariki, watu wamefika hapa kunipa habari wanajing'atang'ata, yule wa Delta, Bi Mwanaidi, yule wa Delta amefiwa, nikasema Mungu amrehemu marehemu, nikashika ukili.

Maana ndiyo kazi yangu mimi kwenye ukoo huu, magomvi niko nayo mimi, wakitaka harusi wanakuja, shangazi nani asikalishwe na nani, sufuria za fulani zisiazimwe, mimi ndiye nakumbuka, wenyewe waliogombana wengine wameshasahau, mimi sijasahau, na kutunza ugomvi kunachosha, unautoa kila siku unaugeuza kama mpunga juani usije ukaota ukungu, unauingiza tena ndani jioni, na mgongo huu, na watoto wanakua wanaoana wanaitana kaka kwenye simu hawajuani. Bure, anasema. Kifaa cha bure. Kinanidai mdogo wangu, halafu bure.

...maji yakinikatalia nalala huko huko, anasema Doto, kuna bi mkubwa mmoja ananipikia wali na... akajikata. Akanywa chai. Chai imeshakwisha, anakunywa kikombe. Nayo naijua, siku zote naijua, Doto analala kwa Mwanabaraka, anakula wali wake, anakuja hapa anakunywa chai yangu, miaka anatoka kwa mmoja anaingia kwa mwingine na hajabeba hata salamu, mzigo mwingine wote huyu anabeba, kamba, mkaa, mbuzi, salamu hapana, mimi nilikataza, kijana wa watu nimemfanya bubu kwa jambo la kabla hajazaliwa.

Nawawaza wale watu wa Zuena, wanaokaa mbele ya hicho kitu wanaandika wanachokitafuta, mkeka, nyumba, sijui mchumba, wote duniani wanauliza, hawaoni haya, mimi kalamu sijashika, lakini kingekuja hapa barazani kikaniambia haya, Bi Mwanaidi, uliza, bure, ningeuliza nini. Si mikeka. Mikeka naijua. Ningeuliza... siku ile, kabla hajakata roho, mama alisemaje. Aliniulizia? Alisema Mwanaidi yuko wapi? Au alikuwa hajitambui, hakujua nani yupo na nani hayupo. Hilo sijui. Nimelijua joto, nimelijua shehe, nimejua waliochimba na walioosha, majina yao yote ninayo, hilo moja sijui, na sijamuuliza mtu, hasira ilikaa pale pale swali lilipotakiwa kukaa, na anayejua ni mmoja tu, alikuwa kichwani pake anamnywesha maji, naye ananenepa au amekonda sijui, ana meno au hana, anazeeka huko na jibu langu, akifa nalo basi, hakuna wa kutafutwa tena, si kwa bure wala kwa fedha.

Zipu imefunga. Nasikia hatua za Zuena zinakuja mlangoni. Doto anatafuta ndala zake kwa miguu, ananyanyuka, haya mke wangu, ngoja nikaangalie hilo zee la injini.

Doto.

Naam, bibie.

Kaa. Utani weka kando. Huko unakolala, kwa Mwanabaraka... ndiyo, Mwanabaraka, nimesema, usinitolee macho, Zuena naye toka huko mlangoni ulikojibanza, nimekuona, nenda kamtafutie Doto kiporo cha njiani. Doto, ukifika kesho, kabla hujala wali wake, usije ukala kwanza, mwambie umetumwa na mimi. Radhi siombi, usiseme nimeomba. Mambo ya Zuena na Abbasi nayo yaache kwanza, hayo tutayasema baadaye, wakubwa kwa wakubwa. Wewe mwambie hivi tu, dada yako Mwanaidi anauliza, mama aliniulizia? Sema hivyo hivyo, usiongeze lako. Na akianza kulia usiondoke, kaa mpaka aseme, uniletee alivyosema, hata kama ni hapana. Umesikia? Mfikishie, baba.